Phébé na Kamera Isiyokuwepo

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kompyuta nazipenda kwa mbali, kama ninavyowapenda mbwa wa wanajeshi kule Base, kambini kwao. Lakini wiki ile nilipiga kelele chumba cha kompyuta mpaka préfet wetu, yaani mkuu wa shule, akaja mbio na fimbo, akidhani kuna nyoka. Aliyenifikisha hapo ni Phébé Mukalay, na siwezi kukaa na habari yake kifuani bila kuisimulia.

Phébé anafundisha informatique, somo la kompyuta, kwenye sekondari yetu ya Wamethodisti hapa Kamina. Amezaliwa katika nyumba za reli. Baba yake, Papa Xavier, alikuwa fundi wa injini za treni, na mama yake, Mama Marthe, anauza samaki wakavu wa Malemba-Nkulu sokoni. Alipokwenda Lubumbashi kusoma, mtaa mzima ulijua kwamba huyo harudi tena. Akarudi. Alishuka garini na sanduku moja la nguo na mawili ya nyaya, na Mama Marthe akayatazama yote matatu, akauliza mume yuko ndani ya lipi.

Ni mwembamba, mwepesi, na ana tabia moja mbaya: akifurahi anakushika mkono juu ya kiwiko, na hakuachii mpaka aone umeelewa. Sisi walimu wenzake tunajua. Tukimwona anakuja na macho yale, tunahamisha vikombe vya chai.

Mwaka huu alitaka wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho waandike programu za kamera. Shule haina kamera hata moja. Basi asubuhi moja akanikamata mlangoni mwa chumba cha walimu, akaniita Ya, yaani kaka, kama kawaida yake.

"Ya Hénoch, nimeipata! Kamera yenye haiko!"

"Kama haiko, umeipata namna gani?"

"Sikia kwanza!"

Nikasikia, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa tayari umeshikwa. Kila kifaa kinachounganishwa na kompyuta kina piloti wake, yaani programu inayosimama katikati na kuwapatanisha, maana kifaa kina lugha yake na kompyuta ina yake. Sasa kuna piloti mmoja ambaye nyuma yake hakuna kifaa chochote. Anajifanya kamera. Ukimwomba picha, anaichora mwenyewe: mistari ya rangi, na mraba mweupe unaotembea juu yake ili ujue picha iko hai. Kompyuta inaamini kabisa kwamba ina kamera. Na mwanafunzi anajifunza yote ambayo angejifunza na kamera ya kweli.

"Batoto ba Kamina batafanya kazi ya kamera bila kamera!" alisema Phébé. "Unaona ile kitu, Ya Hénoch? Unaiona?"

Nilimwambia naiona, ili anirudishie mkono wangu. Lakini nakiri moyo wangu ulikuwa umeanza kuchemka. Mimi nafundisha bahari watoto ambao hawajaona bahari, najua thamani ya kitu cha kujifunzia kisichokuwepo.

Darasa lilipamba moto. Watoto walianza kukataa kwenda nyumbani. Halafu ikaja simu kutoka Lubumbashi.

Piloti huyo ni mali ya kundi la watu wanaokusanya programu za bure kwa ajili ya shule. Aliyemwandika, kijana aitwaye Chrispin, alipata kazi migodini, akaenda, na hakuacha hata neno moja la maelezo. Kundi nalo lilikuwa limechoka na programu ambazo hakuna anayezielewa, likaamua kwamba sehemu yoyote isiyo na maelezo itatolewa kwenye toleo jipya. Na kompyuta za shule yetu, kama za shule nyingine zote za kundi, zinapokea toleo jipya zima zima. Kilichotolewa ndiyo basi. Msimamizi wa kundi, Monsieur Jessé, alimweleza Phébé kwa upole, na Phébé akaweka simu kwa sauti kubwa ili nami nisikie.

"Madame, ile sehemu ya foleni, kwenye picha inapanga mustari, njo bantu bote banakimbia. Kama siku ya posho maandishi haiko, tutatosha piloti."

Kutosha kwetu ni kutoa, siku ya posho ni Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Minyi nitaandika," Phébé alisema. Hakufikiri hata kidogo, ndivyo alivyo.

"Muzuri. Lakini kuko sharti. Maandishi isimame yenyewe. Utafute banafunzi wenye haukubafundisha iyo kamera. Basome tu. Baianzishe, baisimamishe, baianzishe tena. Weye usiingie mu chumba. Minyi nitasikiliza ku simu."

Simu ikakatika. Nikamuuliza kama anajua alichokubali. Wanafunzi wake wa mwisho walikuwa wameshafika katikati ya kazi yao ya mwaka, na kazi yote ilisimama juu ya kamera ile. Ikiondoka, walikuwa wanabaki na daftari na mate mdomoni.

"Najua," alisema. "Twende ku robine."

Robine ni bomba la maji la mtaa, nyuma ya uzio wa shule. Hapo bidoni za njano, yaani madumu ya maji, zimepangwa mstari tangu alfajiri, na wenyewe hawapo. Ndivyo tunavyofanya hapa: mtu anaweka bidoni yake kwenye mstari, anakwenda sokoni, shambani, kanisani, na bidoni inasimama kwa niaba yake. Phébé aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote, maana utoto wake wote yeye ndiye aliyetumwa kulinda bidoni za nyumba yao na za majirani.

"Angalia," akasema. "Picha njo mayi. Programu ya mwanafunzi iko na bidon tupu, anaileta. Piloti iko robine. Anajaza ya mbele, anairudishia mwenye bidon, anajaza ingine. Njo ile tu! Njo foleni yote!"

Nilisimama pale na kofia yangu mkononi, na nikaelewa. Nasema kweli, nilielewa, mimi ambaye simu yangu bado ni ya vitufe. Ndani ya kompyuta kuna vyombo vya kumbukumbu, kila kimoja kinachukua picha moja, na vinapanga mstari kama bidoni. Na Chrispin alikuwa ameandika kazi tano za kuutunza mstari huo. Ya kwanza inakubaliana bidoni ziwe ngapi na za ukubwa gani. Ya pili inakagua kila bidoni kabla haijaingia, isije ikawa ndogo kuliko picha. Ya tatu inaiweka mstarini. Ya nne inafungua robine. Ya tano inaifunga.

Phébé ana namna yake ya kuandika. Haandiki sentensi mpaka mtu mwingine aiseme kwanza kwa maneno yake mwenyewe, bila kusaidiwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Siku mbili nilikuwa mjinga wake wa kujitolea, kila mapumziko naburutwa hadi dirishani, naulizwa, nakosea, nacheka, naulizwa tena. Nikisema sawa, anakimbia kuandika. Nikisema ovyo, anafuta alichokuwa nacho kichwani na kutafuta njia nyingine, bila kuninunia hata mara moja.

Tulipofika kwenye kazi ya tano, mambo yalikuwa mepesi sana.

"Robine ikifungwa, bidon inaenda wapi?" aliuliza.

"Haiendi fasi yoyote," nikamjibu. "Inabakia mu rang, mu mustari yake. Inangoya mayi irudie."

"Ndiyo!" alipiga kofi. "Njo vile!"

Na nani angejibu vinginevyo? Hapa kwetu maji hukatika kila wakati, na yakikatika hakuna anayebeba bidoni yake kurudi nayo nyumbani. Ukiiondoa umepoteza nafasi. Bidoni tupu inalala pale, na ole wake atakayeisogeza. Nimeona wamama wa heshima, wanakwaya, wakikunjiana mikono ya kitenge kwa ajili ya bidoni iliyosogezwa hatua moja. Basi Phébé akaandika: *Mtiririko wa picha ukisimamishwa, vyombo vilivyobaki hungoja kwenye foleni. Ukianzishwa tena, piloti anaendelea kuvijaza kwa zamu ileile.* Akaituma Lubumbashi. Jessé akasoma, akajibu kwamba imekaa vizuri kabisa.

Jumatano tukafanya jaribio. Nilichaguliwa kuwa shahidi, nikakaa ndani ya chumba na simu ya Phébé ikiwa wazi mezani, Jessé akisikiliza. Phébé mwenyewe alifukuzwa nje. Waliokaa kwenye kompyuta walikuwa Tshala na Divin, wa darasa la chini, wanaojua kuandika programu lakini kamera hawajawahi kuigusa. Walisoma maandishi, wakanong'onezana, wakaandika, wakabonyeza.

Mistari ya rangi ikatokea, na mraba mweupe ukaanza kutembea! Divin aliruka, kiti kikaanguka. Mimi nilipiga meza. Nje nikasikia Phébé anapiga vigelegele kabla hajaruhusiwa.

"Sasa basimamishe," sauti ya Jessé ikasema.

Wakasimamisha. Picha ikaganda, sawasawa.

"Baianzishe tena."

Wakaanzisha. Kioo kikawa cheusi. Wakasubiri. Tshala akasoma tena kwa sauti yale maneno ya kazi ya tano, kidole chini ya kila neno, akabonyeza tena. Cheusi. Watoto wakanitazama mimi, kana kwamba mwalimu wa jiografia ana dawa.

Jessé akauliza nini kimetokea, nikamweleza. "Batoto bamefanya vile imeandikwa. Basi maandishi na piloti habisikilizane. Madame aangalie. Kama piloti njo mubovu, hata maelezo haitamusaidia, tutaitosha tu."

Phébé aliingia, akaambiwa, na uso wake ukabadilika. Sijawahi kumwona na hasira namna ile. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta akimtukana Chrispin kwa Kiluba, lugha ambayo matusi yake yana nafasi ya kutosha.

"Ameharibu! Bidon inakuwa mu rang, robine inafunguka, juu ya nini mayi haitoki? Amekosea ule Chrispin! Nitaandikia Jessé sasa hivi."

"Ukiandika piloti ni mubovu, unaizika kwa mukono yako," nikamwambia.

"Sasa nifanye nini? Niseme bongo, uongo mutupu?"

Alikuwa karibu kulia, na mimi nilikuwa na hasira naye kwa kuwa alikuwa karibu kulia. Wanafunzi wake wa mwisho walikuwa wanachungulia dirishani, wamejua tayari. Nikavuta kiti. Nikasema, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, anionyeshe ule mstari.

"Mustari gani?"

"Mwenye Chrispin aliandika bidon ingoye. Nionyeshe. Minyi sijui kusoma mambo yenu, lakini nionyeshe fasi iko."

Akafungua kazi ya tano kwenye kioo. Ilikuwa fupi, mistari michache tu. Akaweka kidole juu ya kioo, akashuka. Akapanda, akashuka tena. Kidole kikasimama.

"Haiko," alisema.

"Haiko namna gani?"

"Ya Hénoch, haiko! Mustari ya kungoya haiko!" Na sasa mkono wangu ulikuwa umekamatwa, ninayo alama. "Angalia hapa. Inazunguka mu foleni, inatosha bidon moja, inaandika juu yake 'kosa', inairudishia mwenyewe. Inatosha ingine, inarudisha. Mpaka foleni inaisha! Hii kitu niliiona siku ya kwanza. Niliona neno 'kosa', nikasema hii ni ya siku ya ajali tu, nikapita. Lakini si ya ajali. Ni ya kila siku! Kila robine ikifungwa, kila muntu anarudishiwa bidon yake, hata kama iko tupu!"

"Na ukifungua robine tena..."

"Rang haina kitu! Mwenye bidon hakuleta tena! Robine iko wazi, bidon hata moja!"

Hapo ndipo nilipopiga ile kelele. Ilinitoka tu. Piloti wa Chrispin alikuwa mzima wa afya, wala hakuwahi kuwa mbovu. Kilichokuwa kibovu ni sentensi moja, sentensi ambayo Phébé hakuisoma popote kwenye programu ile. Aliijua tu, kutoka robine ya utotoni, na mimi niliijua pamoja naye, tukapigiana makofi. Préfet akaingia na fimbo yake, akaangalia chini ya meza zote, na hakuna aliyekuwa na subira ya kumweleza.

Phébé akampigia Jessé palepale. Alimwambia moja kwa moja kwamba piloti ni mzuri na aliyekosea ni yeye. Upande wa pili tukasikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

"Madame! Minyi pia nilisoma, nikaona iko sawa! Na benzangu bote huku basomi, bamesoma, hakuna mwenye aliuliza! Kwetu huku Lubumbashi, ku Katuba, pia bidon inalala mu rang!"

"Kumbe."

"Kumbe, Madame! Uandike tena. Iko siku ya posho bado."

Aliandika tena. Safari hii hakuniuliza jibu, aliniuliza mstari. Kila sentensi niliyosema, akanidai nimwonyeshe kwenye programu ni wapi panaposema hivyo, na mimi, mtu wa mito na milima, nikawa naweka kidole kwenye kioo kama fundi. Alirudia kazi zote tano tangu mwanzo. Kazi ya tano ikasomeka hivi: *Mtiririko ukisimamishwa, piloti hurudisha vyombo vyote kwa mwenye navyo, hata vilivyo tupu, na foleni hubaki bila kitu. Habaki nacho hata kimoja. Ukitaka kuanzisha tena, kwanza rudisha vyombo vyako kwenye foleni. Kama umekulia mahali ambapo bidoni husubiri maji, angalia sana hapa: hizi hazisubiri.*

Nilimwambia ile sentensi ya mwisho si ya kitabu. Akasema ndiyo maana inabaki.

Jumamosi asubuhi chumba kilijaa kuliko kanisa la mavuno. Préfet alikuja, bila fimbo. Walioketi kwenye kompyuta walikuwa wengine, Musau na Julie, ili asiwepo aliyesikia lolote. Phébé alitolewa nje tena. Kupitia dirishani nilimwona amesimama katikati ya uwanja, mgongo kwetu, viganja juu ya masikio, kwa sababu alijijua kwamba akisikia chochote ataingia. Wanafunzi wake wa mwisho walikuwa wamepanga mstari ukutani ndani ya chumba.

Musau akabonyeza. Rangi zikaja, mraba ukatembea. Safari hii hakuna aliyeruka. Jessé akasema wasimamishe, wakasimamisha.

"Baianzishe tena."

Musau alinyoosha kidole kubonyeza. Nilitaka kusema, Mungu ananijua, lakini shahidi hasemi.

"Ngoya," Julie akamshika mkono. "Hizi hazisubiri. Turudishe kwanza bidon mu rang."

"Zote?"

"Yote. Inasema habaki nayo hata moja."

Wakaandika mistari yao, polepole, wakisahihishana. Kisha Musau akabonyeza, na mraba mweupe ukaanza kutembea tena juu ya rangi zake, bila haraka, kama mtu aliyetoka kunywa maji.

Kelele iliyofuata siwezi kuieleza. Wanafunzi wa mwisho walibebana. Préfet alikuwa ananipiga mgongoni, na kwenye simu Jessé alikuwa anapiga kelele, "Inatembea? Muniambie, inatembea?" na hakuna aliyemjibu, mpaka nikaikamata simu nikamwambia inatembea, Monsieur, inatembea kama waziri. Akasema piloti anabaki. Akasema na maandishi yanabaki vilevile, hata ile sentensi ya bidoni.

Phébé hakusikia chochote kati ya hayo. Bado alikuwa amesimama pale uwanjani, viganja masikioni, mgongo kwetu, na ilibidi Julie akimbie kumvuta nguo. Alipoingia, watu wakampisha. Hakuangalia kioo. Alimwangalia yule msichana, ambaye hakuwahi kumfundisha kamera hata siku moja.

"Nani alikuambia urudishe bidon?"

"Hakuna muntu, Madame," Julie alisema, akashtuka kidogo, akidhani amefanya kosa. "Nilisoma hapa." Na akaweka kidole juu ya sentensi.

Phébé aliangalia kidole kile, akalia, mbele ya préfet na mbele yetu sote, wala hakujificha. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa nguo, akavuta kiti katikati ya watoto wawili, akawaambia waisimamishe tena na kuianzisha, kwa sababu yeye peke yake ndiye ambaye hakuwa ameiona.